Programu ya mikutano niliyoipa nyota nne, kisha nikaanza kuzichomoa

Sauti ni safi, picha haikwami hata bando likiwa linachechemea, na mwanafunzi wangu aliyeko Ujerumani anasikia vizuri kabisa ninavyotamka "ng'ombe". Kwa hayo niliipa nyota nne mwanzoni, na sikuona nimependelea. Jina lake silitaji, kwa sababu shule inayonitafutia wanafunzi bado inaitumia na mimi bado nahitaji kula. Lakini kwenye suala la maikrofoni hawa watu hawana adabu.

Ukibonyeza ile X ya juu ukadhani umeifunga, hujaifunga. Inajificha kule chini karibu na saa, na maiki inabaki nayo. Nililigundua hilo jioni moja, kipindi kimekwisha zamani, laptopu iko mezani wazi, mimi na mama tunaongea habari za kiwanja cha marehemu baba: nani kasaini, nani kakalia hati, nani anajifanya hajui. Maneno ya ndani hayo. Naangalia kona ya kioo naona alama ya maikrofoni. Windows huionyesha hapo pale programu inapotumia maiki, na ukiisogezea kipanya inakutajia jina la anayeitumia. Nikasogeza. Ni wao!

Nikaenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Faragha na usalama, nikafungua Maikrofoni. Kwanza nilifurahi, maana kuna orodha ya programu na kila moja ina swichi yake. Nikasema leo leo. Kumbe zenye swichi zao ni zile za Microsoft Store, duka la programu la Microsoft wenyewe, nyingine hata sijawahi kuzifungua tangu ninunue mashine. Zile unazopakua mwenyewe kwenye tovuti na kuzisakinisha, kwenye toleo nililo nalo, zinagawana swichi moja huko chini. Majina yao unaonyeshwa, na saa kila moja ilipotumia maiki mara ya mwisho unaonyeshwa, ila kumzima mmoja ukawaacha wengine, hapana. Ni nyumba ambayo watoto wa mwenye nyumba kila mmoja ana ufunguo wake, halafu wapangaji wote wanapitia mlango wa uani wenye komeo moja. Nikilifunga komeo hilo, kivinjari nacho kinakosa maiki, na darasa la kesho asubuhi limekufa. Dada mmoja ninayefundisha naye anatumia Mac. Tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, mashine yake humuuliza kwa kila programu kabla ya kuipa kamera au maiki, ya dukani au ya mtaani, na kila moja ina alama yake ya kuruhusu au kukataa. Nilimwonea wivu, sifichi.

Basi nikampigia wakala wao wa hapa Dar. Kijana kapokea kwa heshima zote, shikamoo mama, pole na kazi. Nikamweleza.

"Hiyo ni kawaida mama. Inakaa tayari kusubiri simu ikiingia."

"Simu ikiingia si italia? Maiki ya nini kabla sijapokea?"

"Ni kukurahisishia."

"Nizimieni. Sikuomba kurahisishiwa."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema lile ambalo hadi leo nikilikumbuka napanda presha: "Lakini bibie, kama huna cha kuficha, wasiwasi wa nini?"

Ninacho! Tena ninacho kingi. Nina kesi ya kiwanja, nina madeni, nina mama mgonjwa ambaye anayoyasema mezani kwangu hata mjumbe wa shina hayamhusu. Na hiyo bibie aliitoa wapi wakati dakika moja nyuma nilikuwa mama wa kuamkiwa? Nikamtajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imeanza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake kabisa. Akanijibu kwamba kampuni yenyewe haiko Tanzania. Kwa sauti ya mtu aliyeshinda mchezo wa bao.

Nisiwaonee. Alama ya maikrofoni kuonekana haithibitishi kwamba sauti inatumwa mahali. Programu nyingi za mikutano hushika maiki hata ukiwa umejizima sauti, ndiyo maana ukianza kuongea zinakukumbusha kwamba hausikiki. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walizichunguza kadhaa zinazotumika sana, wakakuta kwamba kujizima hakuziondoi kwenye maiki. Na moja kati yao ilikuwa inatuma taarifa zinazohusu sauti kwenye seva zake vilevile, umejizima hujajizima. Sisemi hii yangu inafanya hivyo. Nasema kwamba niliyemuuliza alikuwa na nafasi ya kunieleza, akachagua kunituhumu.

Na msiniambie habari za kile kikava cha kuteleza juu ya kamera. Ninacho, ni kizuri, kinaziba jicho. Sikio linabaki wazi.

Aliyenisaidia ni fundi wa duka la kompyuta mtaani kwetu, na hata hela hakutaka. Ndani ya mipangilio ya programu yenyewe, kurasa mbili tatu ndani, kuna kijisanduku kimewekwa tiki tayari: endelea kufanya kazi dirisha likifungwa. Akatoa tiki, alama ya maikrofoni ikapotea. Hapo hasira zilinishuka, nikaanza kuona labda nilimkalia vibaya yule kijana. Ikaja sasisho. Tiki imerudi. Nikaitoa tena, na nyota mbili nikazitoa pamoja nayo.

Sasa hivi nafundisha kwa kupitia kivinjari. Mikutano yao inafunguka humo humo bila kusakinisha chochote, na hapa ndipo lazima niwe mkweli: inafanya kazi vizuri. Ruhusa ya maiki inaipata tovuti ile tu. Firefox inaniuliza kila mara, isipokuwa niiambie ikumbuke uamuzi wangu, na siiambii. Nikifunga kichupo, maiki imeachiwa, naitazama ile alama inavyotoweka na moyo unatulia. Kwa ajili ya hilo ningewarudishia nyota moja. Ila ukifungua mwaliko wao, kitufe cha kupakua programu ni kikubwa kama bango la uchaguzi, na maneno ya kujiunga kwa kivinjari yameandikwa kijivu, madogo, chini kabisa, utadhani wanaona haya. Kwa hiyo hiyo moja nayo naishikilia.

Kwa anayelazimishwa kutumia ile ya kusakinisha: usitegemee X, bonyeza kulia alama yake kule karibu na saa uchague kutoka kabisa, na baada ya kila sasisho rudi ukaangalie kile kijisanduku. Kama maiki yako ni ya kuchomeka, ichomoe. Na ujue kwamba Microsoft wenyewe wameandika kuwa programu inayokuja na dereva wake, yaani kiprogramu kinachoongea na maiki moja kwa moja, inaweza kuikwepa hata ile swichi kubwa.

Juzi wameniletea barua pepe wakiomba niwape maksi za huduma, moja hadi kumi. Nimeweka moja kwa sababu sifuri haikuwepo. Kwenye nafasi ya maoni nimeandika kwamba sauti yao ni safi, na kwamba shule ikinitaka nirudi kwenye ile ya kusakinisha, inunue laptopu ya kazi na ikae ofisini kwao.