Tahadhari: Wauzaji wa "Dawa ya Kufufua Nyasi" Wanaopita Majumbani Minnesota

Ndugu zangu mnaoishi Minneapolis na vitongoji vyake, hasa Brooklyn Park, naandika kuwatahadharisha juu ya watu wanaopita nyumba kwa nyumba tangu majani ya miti yaanze kupukutika, wakiuza huduma wanayoiita dawa ya kufufua nyasi kabla ya theluji. Jina la kampuni yao silitaji, na hata ningelitaja lisingewasaidia sana, kwa kuwa karatasi walizoacha kwa majirani wawili wa mtaa mmoja zina majina mawili tofauti.

Wanachagua nyumba za watu ambao hawajakaa na baridi ya huku kwa muda mrefu. Mmoja wao anazungumza Kiswahili safi. Huwaamkia wazee kwa heshima, huulizia habari za nyumbani, kisha huinama uani, hung'oa majani machache yaliyogeuka rangi ya kahawia na kutangaza kwamba nyasi zote zimekufa, na kwamba zisipotiwa dawa wiki hiyo hiyo manispaa itamtoza mwenye nyumba faini. Mama mmoja jirani yetu alilipa dola 380 taslimu. Alichopuliziwa ni maji ya rangi ya kijani, ambayo mvua iliyofuata iliyasomba hadi kwenye njia ya magari, na namba ya simu aliyopewa haipokelewi tena.

Nyasi hizo hazijafa. Nyasi za Kentucky, ambazo ndizo zimepandwa katika nyua nyingi za huku, husimama kukua ardhi inapopoa na hulala majira yote ya baridi. Majani hupauka, lakini shina lililo usawa wa udongo pamoja na mizizi hubaki hai hadi joto lirudi, kwa kawaida mwezi wa Aprili. Anayetaka kuhakikisha na avute nyasi kidogo kwa mkono: zikishikilia udongo na sehemu ya chini ikiwa ngumu na nyeupe, ziko salama. Hakuna dawa ya kuziamsha mwezi wa Novemba, na anayedai kuwa nayo anauza uongo.

Kundi hilo hilo huuza pia mbolea ya kumwaga juu ya ardhi iliyokwisha kuganda. Mbolea ya namna hiyo hainyonywi na mizizi iliyolala. Hukaa juu mpaka theluji iyeyuke, kisha huchukuliwa na maji kupitia mifereji ya barabarani hadi kwenye maziwa na Mto Mississippi. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 sheria ya jimbo zima inazuia mbolea yenye fosforasi, kirutubisho kinachochafua maji hayo, kwenye nyasi za majumbani, isipokuwa kwa nyasi zinazooteshwa upya au pale kipimo cha udongo kinapoonyesha upungufu. Mfuko halali huandikwa namba tatu, na ile ya katikati ndiyo ya fosforasi. Kwa nyasi zilizokwisha kukomaa inapaswa kuwa sifuri. Mifuko niliyoiona kwa jirani haikuwa na maandishi yoyote, jambo ambalo peke yake lingetosha kumfungia mtu mlango.

Wakikutisha kwa ukungu wa theluji, yaani kuvu inayoota kwenye nyasi chini ya theluji, ukungu huo upo kweli na huacha mabaka ya mviringo theluji inapoondoka, ila kwa nyasi za nyumbani mara nyingi unaisha kwa kupitisha reki taratibu na kuacha hewa ipite. Kazi inayofaa kabla ya theluji ni ndogo na haihitaji fundi: kuzoa majani yaliyoanguka, kukata nyasi mara ya mwisho zibaki na urefu wa takriban sentimita 7, na baadaye kutorundika juu yake theluji iliyochanganyika na chumvi ya barabarani.

Kwa aliyekwisha kusaini: kanuni ya serikali kuu ya Marekani inampa mtu aliyeuziwa nyumbani kwake kitu cha dola 25 au zaidi haki ya kuvunja mkataba hadi saa sita usiku wa siku ya tatu ya kazi, na muuzaji anatakiwa kumpa fomu ya kuvunjia pamoja na nakala ya mkataba katika lugha ile ile aliyoitumia kumshawishi. Hawa wanashawishi kwa Kiswahili na kusainisha kwa Kiingereza. Tuma barua ya kuvunja mkataba kwa posta yenye stakabadhi, na ikiwa ulilipa kwa kadi iarifu benki siku hiyo hiyo. Hata kama siku tatu zimepita, peleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, ambaye ofisi yake hupokea malalamiko ya wateja, ukiambatanisha picha ya karatasi walizokuachia na ya mfuko wa mbolea, usiutupe.