Union Miners Cemetery, Mount Olive: mnara uliozaliwa na ugomvi wa vyama viwili

Msafiri anayepita jimbo la Illinois, Marekani, kwa barabara ya zamani ya Route 66 atafanya vyema kukata kona Mount Olive na kuingia Union Miners Cemetery, makaburi ambayo wachimbaji wa makaa ya mawe waliyaanzisha mwaka 1899 ili wenzao waliouawa kwa risasi na walinzi wa kampuni ya makaa huko Virden tarehe 12 Oktoba 1898 wapate pa kulala kwa heshima. Ni mahali padogo, hakuna kiingilio, na kupazunguka hakuchukui muda mrefu. Hata hivyo, kwa anayetaka kuelewa jinsi watu wa kazi moja walivyogawanyika katika vyama viwili vya wafanyakazi mpaka wakamwagiana damu, ninapapa alama za juu kabisa.

Kinachomvuta kila mgeni ni mnara wa Mary Harris Jones, maarufu kama Mother Jones, mhamasishaji wa migomo aliyefariki mwaka 1930 na ambaye aliomba azikwe hapa, karibu na wale aliowaita vijana wake. Ni nguzo ya jiwe la itale lenye rangi ya waridi, urefu wake futi 22, yenye sura ya mama huyo katikati, na kila upande amesimama mchimbaji wa shaba nyeusi mwenye nyundo. Sanamu hizo zinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu msanii hakuwafanya wachimbaji kuwa watu wa kuhurumiwa; wamesimama wima kama walinzi.

Mgeni asiyejiandaa anaweza kuondoka bila kutambua uzito wa swali la nani aliyeujenga. Mother Jones alikuwa amekitumikia chama cha wachimbaji cha United Mine Workers of America kwa miaka mingi, lakini mnara huu uliozinduliwa tarehe 11 Oktoba 1936, mbele ya umati uliokadiriwa kufikia watu 50,000, ni kazi ya mahasimu wa chama hicho, yaani wanachama wa chama kilichojitenga nacho, Progressive Miners of America, waliochanga zaidi ya dola 16,000 katika miaka ya dhiki kubwa ya uchumi.

Uhasama huo ulianzia kwenye ujira. Mwaka 1932 John L. Lewis, rais wa United Mine Workers, aliunga mkono mkataba wa kupunguza malipo ya siku kutoka dola 6.10 hadi dola 5. Mnamo Julai wanachama wa Illinois waliukataa kwa kura. Upigaji kura ukarudiwa Agosti, na kabla hesabu haijakamilika karatasi za matokeo ziliibwa mjini Springfield. Lewis akatangaza hali ya dharura na kuutia sahihi mkataba huo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo chama kilipopoteza haki ya kudai utii, maana mwanachama ambaye kura yake imepotea akiwa ameshalipa ada hana tena sababu ya kumwita kiongozi wake mwenzake. Maelfu waliandamana kwa magari kuelekea kaunti ya Franklin kuwashawishi wachimbaji wa huko wagome, wakashambuliwa na watu wa sherifu karibu na Mulkeytown, na wiki iliyofuata chama kipya, Progressive Miners, kikaundwa Gillespie, mji jirani na Mount Olive.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mabomu, risasi na mauaji katika pande zote mbili, hasa karibu na Taylorville, ambako migodi ya kampuni ya Peabody iliendelea kufanya kazi chini ya mkataba wa Lewis. Waajiri walinufaika, kwa kuwa waliweza kuchagua chama cha kukaa nacho mezani. Hili linaniuma kuliko jingine lolote katika historia hii.

Kwa hiyo mnara usomwe kama hoja ya upande mmoja: Progressive walikuwa wakitangaza kwamba wao, wala si Lewis, ndio warithi halali wa waliokufa Virden. Ninashauri mtu asome habari za mwaka 1932 kabla ya kwenda, aanzie Virden kwenyewe, kisha Mount Olive, na siku hiyo hiyo aendelee hadi makaburi ya Oak Ridge mjini Springfield, ambako Lewis amezikwa. Safari yote inahitaji gari, na ni vizuri kuianza asubuhi.