TAHADHARI: Mhuri wa "apostili" unaouzwa Mwanjelwa ni feki

Ndugu zangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, hasa wenye vijana wanaojiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi nje: kuna jamaa ana meza ndani ya steshenari moja pale Mwanjelwa, anauza kitu anachokiita apostili. Sh 180,000 kwa cheti kimoja, ndani ya siku mbili, na eti cheti hicho kitakubaliwa nchi yoyote uendayo. Msimpe hela, na zaidi sana msimwachie cheti halisi.

Apostili yenyewe ipo kweli, na hapo ndipo anapowanasa watu. Ni uthibitisho wa nyaraka uliowekwa na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961. Nchi zilizomo zinapokeleana nyaraka bila kuzipitisha ubalozini. India imo. China nayo imo, ilianza kuutumia Novemba 2023. Jamaa anakufungulia habari hizo kwenye simu yake, na kwa kuwa ni za kweli unalegea. Asichokwambia ni kwamba apostili hutolewa na nchi ilikotoka nyaraka, na Tanzania haimo kwenye mkataba huo. Kwa hiyo karatasi anayokuuzia haiwezi kuwa halali hata angeigonga mihuri kumi.

Ukimbana anahamia kwenye hadithi ya Malawi: eti ana watu wake Lilongwe, vyeti vinavuka mpaka wa Kasumulu na kurudi vimegongwa tayari. Malawi ni mwanachama, hilo sibishi, lakini inathibitisha nyaraka za Malawi. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa pale Rungwe na RITA, wakala wa Serikali yetu wa kusajili vizazi na vifo, Lilongwe wanakithibitishaje?

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi India. Dada yangu aliuza magunia yake ya viazi akalipa. Karatasi waliyopewa inapendeza machoni: utepe mwekundu, mhuri wa mviringo, namba ya kumbukumbu juu kulia. Mambo yaligundulika mpwa wangu alipokaa na mwenzake waliyesoma naye sekondari, ambaye naye kumbe alipita meza ile ile. Wakaziweka karatasi zao sambamba. Namba ni moja. Sahihi ni moja, mpaka pale wino ulipokatika kwenye mkia wa herufi ya mwisho, umekatika mahali pale pale kwenye karatasi zote mbili. Sahihi imeskaniwa na kuchapwa kwa printa ya rangi. "Mjomba, na cheti changu halisi bado anacho," ndivyo alivyoanza kuniambia kwenye simu. Hadi naandika haya jamaa anadai sh 50,000 nyingine, eti ya kukitoa.

Hilo la kushikilia vyeti linaniuma kuliko hela. Viazi vitalimwa tena, lakini chuo kina tarehe yake ya mwisho na hakimsubiri mtu. Halafu fikirieni binti angeipeleka karatasi ile ubalozini bila kujua. Anayeonekana kuwasilisha nyaraka ya kughushi ni yeye, na kuwasilisha nyaraka ya kughushi kwa kujua ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo ingebidi ajieleze kwamba hakujua. Jamaa wa steshenari hatakuwepo pale kumtetea.

Njia halali ina hatua nyingi, ila hazijifichi. Aliyetoa cheti ndiye anayeanza kukihakiki: cha kuzaliwa ni RITA, cha kidato cha nne na cha sita ni Baraza la Mitihani. Ndipo Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki inathibitisha. Mwisho ni ubalozi wa nchi unayokwenda, na balozi nyingi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo kama huwezi kusafiri tuma ndugu wa damu, usitume kishoka. Mkitakiwa nakala iliyothibitishwa na wakili, mtafuteni kwanza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Malipo ya Serikali yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo (control number). Anayekwambia "nitumie kwenye laini yangu, wizarani nina watu" ameshajitaja mwenyewe. Na tafadhali sana, msipige vyeti lamineshoni, maana mhuri haushiki juu ya plastiki.

Dada yangu ameshaandikisha malalamiko polisi pamoja na mama wa yule binti mwingine. Kama na wewe ulipita meza ile, usichane karatasi aliyokupa kwa hasira, wala usifute ujumbe wa muamala kwenye simu, maana hivyo ndivyo vielelezo. Nitumie ujumbe hapa tuongozane kituoni, na kama bado ana cheti chako halisi, usimwongezee hata shilingi.