Fundi wa Gerezani, keekee yangu, na swali lililonipandisha presha

"Kwani ulisema izunguke upande gani?"

Hilo ndilo jibu nililopewa. Hakuna pole, hakuna lete tuangalie. Nimesimama juani Gerezani, mtaa wa hapa Dar es Salaam, si jela, nimevuka na pantoni nikiwa na dude zito begani, abiria wote wamenikodolea macho kama nimebeba bazuka, halafu fundi ananiuliza swali hilo bila hata kuinua kichwa.

Nirudi nyuma kidogo. Nina kiwanja Kibada, huku Kigamboni ng'ambo ya pantoni, nazungushia nguzo na waya. Mashimo 64. Siku za nyuma niliokota kwenye mzigo wa vyuma vya mitumba keekee ya mkono ya kuchimbia mashimo: parafujo nene, ndefu karibu kifuani, juu ina mkono uliopinda kama hendeli ya kuwashia lori za zamani, chini ina visu viwili vikali kama wembe. Bei ya kutupa. Baadaye nikapata injini ya petroli ya kazi hiyohiyo, ile inayoshikwa kwa mikono miwili, ila keekee yake ilishapotea. Hii haina injini, ile haina keekee. Nikasema niziozeshe. Kijana wangu mmoja alikuwa ameshachimba mashimo matatu kwa mkono, na nilivyomwona anavyohema sikutaka kuona la nne.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kutoa ule mkono, kukereza kipande cha chuma kiingie kwenye shafti ya injini ya milimita 20, kutoboa tundu la pini, kuchomelea. Tukapatana elfu themanini. Hapo sina neno. Kazi ilitoka siku aliyoahidi (anayewajua mafundi wa mjini hapa anaelewa kwamba hiyo peke yake ni habari), na weldi ilikuwa safi. Niliizungusha pale mezani, haikuyumba. Nikamwongezea elfu tano ya soda. Elfu tano hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Asubuhi, Kibada. Injini ikawaka mvuto wa tatu. Keekee ikazunguka, mchanga ukazunguka, sisi tukabaki palepale. Tukikandamiza, dude linapanda. Mchanga wa kule mtoto anauchimba kwa kifuu, lakini mashine ya petroli ilikuwa inaukoroga kama uji. Baada ya dakika kumi hivi tulikuwa na shimo la kutosha kuwekea sahani. Yule kijana wa mashimo matatu akajikuna kichwa.

"Mzee, mbona inakwenda kinyume? Mimi kwa mkono nilikuwa nazungusha kushoto."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilijua unajua."

Ndiyo hivyo. Parafujo yake imesukwa kushoto, injini inazunguka kulia, na injini yenyewe haina rivasi. Gia zake kazi yake ni kupunguza kasi tu. Kwa hiyo visu vilikuwa vinasugua kwa mgongo, na parafujo badala ya kutoa mchanga ilikuwa inaushindilia.

Nikarudi Gerezani, na hapo ndipo lilipokuja lile swali. Nikameza. Nikasema basi fundi, nipe mkono wangu niurudishe, nitachimba kama zamani. Akaniambia aliukata kwa grainda. Ulikuwa umefungwa kwa bolti moja. Bolti moja! Na kipande kilishaondoka na wanunuzi wa chuma chakavu. "Si wewe mzee uliyesema hutaki tena kuchimba kwa mkono?" Vijana wake wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akaweka chini chombo cha kazi.

Mtasema fundi atajuaje. Atajua! Huyu mtu pembeni yake ana mtungi wa gesi ya kukatia, na nati ya mtungi huo hufungwa kinyume na nati za kawaida. Kila asubuhi anaifunga kwa kushoto. Halafu anaishika parafujo iliyosukwa kushoto, anaipima, anaikereza, anaichomelea, na macho yake hayaoni kitu. Nilitoka pale nimeapa, na nikawaambia watu wanne kwenye pantoni wasikanyage kwake. Watu nisiowajua.

Usiku nikamtumia picha shemeji yangu anayeishi Ufini. Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Kumbe lile dude si la udongo kabisa. Ni la barafu. Kule wakati wa baridi maji ya ziwa huganda, watu wanatembea juu yake (anasema barafu ngumu ya sentimita 5 tu inambeba mtu), wanatoboa tundu, wanateremsha ndoano, wala kwa uvuvi huo hawakati leseni. Visu vile ni vya kunyoa barafu, wenyewe huvivisha kifuniko visiguse hata chembe ya mchanga. Mimi nimevizamisha Kibada. Na nyingine husukwa kushoto, kwa hiyo anayetaka kuifunga kwenye drili hununua kiungo chenye gia za kugeuza mzunguko, na juu huweka kisahani kipana ili ikichomoka isizame ziwani. Yaani hata huko kuna watu wanahangaika kama mimi, ila wao wakikosea wanapata samaki pungufu.

Kwa hiyo fundi hakuniuzia mimi kitu kibovu. Nilimpelekea kitu ambacho hata mwenyewe sikukijua. Nakubali. Lakini mkono wangu? Na kicheko?

Nilinunua keekee halisi ya udongo, tundu la milimita 20, pini moja, imekaa mara moja. Mashimo 61 yaliyobaki tukayamaliza kabla masika hayajashika, isipokuwa kona moja tuliyokuta jiwe la matumbawe tukarudia mtaimbo. Lile la barafu nilitaka nivunje kile kipande cha fundi nipate angalau chuma. Kijana alilipiga nyundo mpaka bomba likapinda. Weldi haikufunguka.

Niwashauri nini? Msiende. Au nendeni, lakini mkaseme kila kitu, mpaka upande wa kuzunguka. Nimeshatembelea wachomeleaji wawili wa huku Kigamboni kwa ajili ya geti langu, nikaangalia kazi zao, nikarudi nyumbani bila kuacha hela ya kianzio. Jumamosi navuka tena pantoni. Nimeandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: LINAFUNGUKIA NDANI.