Kaliba ya kuwindia koyoti na kindi wa mbugani: .17 HMR, .223, .22-250 au .243?

Shikamooni wakubwa, mambo vipi wadogo zangu. Leo nimetoka nje ya mji, niko magharibi ya Kansas, Marekani, na kama mnasikia kitu kinavuma kwenye maiki, huo ni upepo. Nivumilieni, maana upepo wenyewe ndio nusu ya video hii.

Swali mnaloniuliza kila wiki: "Kaka, nataka bunduki ya wanyama waharibifu, nichukue kaliba gani?" Sasa, waharibifu wa huku si tembo wala ngedere wa kwenye mahindi. Hasa ni wawili. Kuna koyoti, ndugu yake bweha, kilo kumi na tano hivi, anayemnyima mfugaji usingizi wakati wa kuzaliwa ndama na kondoo. Halafu kuna kindi wa ardhini ambaye Wamarekani wanamwita mbwa wa mbugani, ingawa hana umbwa wowote. Huyo ni kilo moja tu, lakini anaishi kijiji kizima, anatoboa malisho mashimo kila mahali.

Haya, tusogee mezani, nimepanga risasi nne, kila moja ya kaliba yake, yaani ukubwa na aina yake. Hii ndogo ni .17 HMR. Hii .223 Remington, hii .22-250, na hii nene .243 Winchester. Ziangalieni hizi mbili za katikati: kichwa cha risasi ni kilekile, upana milimita 5.7. Kinachotofautiana ni ganda. Moja inabeba baruti kama greini 25, nyingine kama 35. Ndiyo maana kichwa cha greini 55, yaani gramu tatu na nusu, kinatoka kwenye .223 kwa futi 3,240 kwa sekunde, na kwenye .22-250 kwa futi 3,680. Hata ile .22 LR ya kulengea makopo, upana wake ni karibu huohuo. Namba ya kwenye boksi haikuambii nguvu.

Tuanze na huyu mdogo, .17 HMR. Ilitoka 2002, ganda la .22 Magnum lililobanwa shingo, kichwa cha greini 17, futi 2,550. Ni tamu, jamani. Haina teke, na hadi mita 120 inagonga palepale ulipolenga. Tatizo ni huu mnaousikia kwenye maiki. Upepo wa ubavuni wa maili kumi kwa saa, ambao huku wanauita hali ya hewa nzuri, unakisukuma kichwa hicho zaidi ya sentimita 30 kikifika mita 200. Kindi mwenyewe ameshakwepwa. Na koyoti usimpige nayo kabisa. Utamjeruhi akafie mbali, na huo si uwindaji.

.22-250 nimeitumia misimu miwili na naipenda. Mafundi wa nyumbani walibana shingo ya ganda la .250 Savage la mwaka 1915, wakaitumia miaka mingi, hadi Remington walipoirasimisha 1965. Koyoti akisimama mita 300, humfanyii hesabu nyingi. Lakini nilifanya ujinga: niliipeleka kwenye kijiji cha kindi nikawa napiga mfululizo asubuhi nzima kama napiga .17. Mtutu ukawaka, usishikike. Baruti nyingi kupitia tundu dogo inakula koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari, na sasa zile risasi tano zilizokuwa zinakaa kwenye kifuniko cha soda zinatawanyika kama sahani. Kosa langu, bunduki haina hatia.

Kuna jambo sijawahi kusikia muuzaji akilitaja. Ukifyatua na darubini ikaruka kwa teke la bunduki, huoni risasi ilipotua. Umekosa kushoto? Kulia? Kwenye upepo huu, vumbi linalotimka pale ndiyo taarifa pekee itakayokusaidia kwa risasi ya pili. Kwa .223 kwenye bunduki nzito ya kilo nne na zaidi, jicho langu linabaki kwenye darubini, naliona vumbi, nasogeza kidogo, napiga tena. Kwa .22-250 nahitaji mtu wa kunitazamia pembeni. Kwa .243 ndiyo usiseme. Ni kaliba nzuri, ya 1955, na kama unataka bunduki moja ya koyoti na kulungu, ichukue. Kwa kindi ni kumpiga inzi kwa mchi.

Kwa hiyo mkono wangu unaenda kwenye .223. Risasi zake ziko kila duka, bei haiumi sana, mtutu unadumu. Ila soma maandishi kwenye mtutu kabla ya kujaza. Risasi za kijeshi za 5.56 zinaingia kwenye chemba ya .223, na mgandamizo wake ni mkubwa zaidi. Zisikudanganye kwa sababu zimeingia. Soma pia mzunguko wa mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Moja kwa kumi na mbili, yaani duara moja kila inchi kumi na mbili, inatosha kichwa cha greini 55. Ukitaka vizito vya 70 na kitu, tafuta moja kwa nane.

Chukua kichwa chepesi chenye ncha ya plastiki, kama V-MAX. Kikigusa udongo kinasambaratika, tofauti na .22 LR ambayo huteleza juu ya ardhi ngumu ikaondoka inalia kuelekea kwa ng'ombe wa watu. Bado hakikisha kuna kilima nyuma. Mizoga yenye vipande vya risasi inaliwa na tai, na timbali, yaani madini ya risasi (lead) yaliyomo, huwadhuru. California walishapiga marufuku risasi za timbali kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Za shaba zipo.

Na nyie wenye viza za muda, wanafunzi hasa, nisikilizeni: sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa mna sababu inayokubalika, mfano leseni hai ya uwindaji ya jimbo. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu, hana kizuizi hicho. Wa Kenya mnaoniuliza mambo ya nyumbani, mnajua wenyewe, kule uwindaji ulifungwa 1977.

Upepo umepungua. Nakwenda kulala kifudifudi pale kwenye mteremko, kamera nimeifunga kwenye darubini. Tazameni vumbi, msinitazame mimi.