D-72 ya kuchanganya mwenyewe
Kwa kuchapa picha nyeusi na nyeupe kwa kulaza negativu juu ya karatasi, D-72 bado ni dawa ya kutegemewa ya kutokeza picha kwenye karatasi. Katika mililita 500 za maji ya nyuzi 50 za Selsiasi tia salfaiti kavu ya sodiamu kidogo tu, kisha metoli (kemikali ya kutokeza picha) gramu 3. Ikishayeyuka, malizia salfaiti hadi jumla ya gramu 45, kisha kwa gramu: haidrokwinoni (nayo hutokeza picha) 12, kaboneti kavu ya sodiamu 67.5, bromaidi ya potasiamu 2. Jaza hadi lita 1. Ukitanguliza salfaiti yote, metoli hugoma kuyeyuka. Wakati wa kutumia, zimua sehemu 1 ya dawa kwa maji sehemu 2; karatasi ikae humo sekunde 90, kwenye nyuzi 20. Weusi unakolea kweli! Ila kwenye trei haikai: ikigeuka rangi ya chai, imwage. Bromaidi usiipunje, ndiyo inayozuia ukungu, yaani ukijivu usiotakiwa, kwenye sehemu nyeupe.