TAHADHARI: "Injinia" wa vizuizi vya korona kwenye tuktuk ni mwizi, msimpe hata ndururu

Wenye tuktuk wa Mombasa, na nyinyi wa Mtwapa, Kilifi na Malindi maana nasikia ndiko alikoelekea: mtu akiwajia na begi jeusi la kompyuta akiwauzia kizuizi cha nailoni cha "kuua vijidudu" baina ya abiria, mzuieni hapo hapo mnipigie simu. Sisemi apigwe. Mkono unaniwasha, wallahi, lakini sisemi apigwe. Mzuieni tu mpaka nifike.

Najua wa steji yangu wanacheka. Siku hizi hawaniiti jina langu, wananiita Daktari. Chekeni. Lakini siku ile nyote mlikuwa mmekodoa macho, na wamo humu watu wazima, wenye mvi kunishinda, waliotuma pesa kisha wakajikausha kimya kwa haya. Siwataji. Wanajijua.

Hali mnaijua ilivyokuwa wakati ule wa korona, mwaka 2020. Matatu ya watu 14 inabeba 8, na sisi abiria akimkuta mwenziwe ameshaketi nyuma anasimama kando na barakoa yake, anasema atangoja nyingine. Kiti cha watu watatu kinaenda mjini na mtu mmoja, pengine na gunia la vitunguu. Deni la tuktuk halijui korona. Sasa hebu niambieni, mtu akikuletea kitu cha kumfanya abiria wa pili akubali kuingia, wewe utamfukuza?

Alikuja mwezi wa Juni, kafyu ilipokwisha sogezwa kutoka saa moja hadi saa tatu usiku. Hakuja na kelele za mchuuzi. Alisimama mbali, barakoa juu ya pua kama inavyotakiwa (nani kati yetu alikuwa akiivaa hivyo?), akasalimia vizuri, akauliza mwenye tuktuk hizi ni nani. Akatoa futi, akapima kuanzia mgongo wa dereva hadi kiti cha nyuma, akaandika kwenye daftari. Nikamwagizia chai. Akaikataa kwa adabu, eti kikombe cha kushirikiana wakati huu si kizuri, samahani sana mzee. Hapo ndipo aliponishika. Tapeli gani anakataa chai ya bure?

Halafu akafanya lile onyesho. Nalieleza lote ili mlijue mkiliona.

Alitoa vipande viwili vya nailoni, kila kimoja kama jani la daftari. Kimoja akasema ni nailoni ya kawaida tu ya dukani. Cha pili akasema kimetiwa chembe za fedha, fedha yenyewe ile ya pete, na kijidudu kikigusa kinakufa. Akamwambia dereva wangu ashushe barakoa akohoe juu ya vyote viwili. Dereva akakohoa kwa moyo wote, mnamjua. Jamaa akavipulizia kitu kutoka kwenye chupa ndogo, akakiita "kifichuzi". Akatusogeza chini ya turubali la muuza maji ya madafu kwenye kiza kidogo, akawasha tochi yenye mwanga wa buluu.

Kile cha kawaida kiliwaka! Madoadoa meupe ya buluu, huku na huku, mengine makubwa kama kucha. Cha pili, giza tupu. Akasema kwa sauti ya chini, "Hao mnaowaona wanawaka ndio mnaoenda nao nyumbani kwa watoto." Hakuna aliyesema kitu. Muuza madafu alirudi nyuma akaanza kuosha mikono. Mimi niliangalia kiti changu cha nyuma nikahisi tumbo linanivuruga.

Baada ya hapo akatoa barua. Ina nembo ya serikali juu, muhuri wa duara chini, na maneno kwamba chombo chochote cha magurudumu matatu kisicho na kizuizi kitazuiwa kuanzia mwezi unaofuata. Mnaosema ningeichunguza, kumbukeni kipindi kile. Alasiri Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, yuko kwenye runinga na jambo jipya, na kukosa barakoa peke yake ilikuwa faini ya shilingi 20,000 au jela miezi sita. Kama barakoa ni elfu ishirini, kizuizi kitakuwa ngapi? Barua ile ilifanana na kila kitu tulichokuwa tukiambiwa.

Seti moja 6,500, na stika ya KEBS, lile Shirika la Viwango la Kenya, juu yake. Mimi nina tuktuk mbili, fanyeni hesabu wenyewe. Pesa taslimu hakutaka, akasema noti zinabeba vijidudu, na kweli wakati huo kila mtu alikuwa akihimizwa kulipa kwa simu. Tili, ile namba ya biashara ya kupokea malipo, pia hakuwa nayo, "inashughulikiwa". Akanikumbusha kwamba kipindi kile cha korona kutuma M-Pesa isiyozidi 1,000 hakukuwa na ada, kwa hivyo mzee usipoteze pesa yako, nitumie elfu moja moja kwenye namba yangu. Ananihurumia ada! Nikakaa pale kwenye benchi nabonyeza, PIN, elfu; PIN, elfu; naye amesimama anasema "imeingia, asante, imeingia". Kila nikifungua simu naziona zile meseji zimepangana na damu inanichemka upya.

Kufunga walifunga kweli, hilo sitamsingizia. Alikuja na kijana mwenye drili, wakatoboa bodi, wakatia fremu ya alumini na nailoni: kipande kimoja nyuma ya dereva, kingine kikashuka katikati ya kiti cha nyuma. Tukapiga picha. Ile picha niliyoituma huku, ndiyo hiyo, msiirudishe tena.

Kilichofuata mmekiona barabarani. Kwenye daraja la Nyali upepo uliingia nyuma ya ile nailoni ikavimba kama tanga la mashua, tuktuk ikawa inavutwa upande. Abiria akisema "shukisha" dereva hasikii, anapitishwa hadi Buxton anashuka na matusi. Joto mle nyuma ni la tanuri. Haukupita muda nailoni ikaingia ukungu na mikwaruzo, dereva akitazama kioo chake anaona vivuli tu. Mama mmoja alinunua mkaa kwenye gunia, akalisukuma, pazia likang'oka na skrubu zake.

Hata hapo sikusema ni wizi. Nilisema ni kazi mbovu ya fundi.

Aliyelifumbua ni mpwa wangu, yule tabibu wa zahanati. Alikuja dukani kwa mke wangu, pale anapofanya uwakala wa M-Pesa, akanikuta nasimulia habari ya tochi ya buluu. Akauliza, "Mjomba, ile taa ya kukagulia noti bandia iko wapi?" Akaiwasha, akazima balbu, akanimulika mimi. Kanzu yangu ya Ijumaa ikawaka yote. Ukosi, mikono, kifua. Nimesimama dukani nang'aa mbele ya wateja. Kumbe sabuni ya unga huwa na kitu cha kufanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi, na kitu hicho ndicho kinachowaka chini ya mwanga ule. Kijidudu cha korona hakionekani kwa tochi, hakionekani hata kwa ile darubini ya kawaida ya maabara. Yule jamaa alikuwa ameshapaka maji ya sabuni ya unga kwenye kipande cha kwanza kabla hata hajafika stejini, basi. Dereva angeweza kukohoa mpaka kesho.

Na fedha? Mpwa anasema fedha kuua vijidudu si uongo, imo hata kwenye krimu ya kupaka majeraha ya moto. Nimefurahi kusikia hivyo, maana watu wanasema niliamini upuuzi mtupu. Lakini hata nailoni ile ingekuwa na fedha ya kweli, pumzi ya mtu haipiti kwenye nailoni, inapita juu yake na chini yake. Tulijaribu. Tuktuk imesimama, dereva akakaa upande mmoja akavuta sigara, mimi upande wa pili. Moshi ulipanda, ukavuka juu ya fremu, ukanifikia puani. Mate mazito ya kikohozi yatagonga nailoni, sawa. Vile vitone vidogo vinavyoelea vitafuata njia ya moshi. Mpwa akanionyesha kwamba mwezi ule ule wa Julai 2020 wanasayansi 239 waliliandikia Shirika la Afya Duniani kuhusu vitone hivyo vinavyobaki hewani. Na tuktuk, akasema, Mungu ameitoa na dawa yake: iko wazi pande mbili, upepo unapita. Sisi tumelipa mtu atuzibie upepo.

Nailoni yenyewe ni ile ya kutandika juu ya meza ya chakula. Mke wangu aliigusa mara moja tu akaijua, yenye maua na isiyo na maua, inakatwa kwa mita madukani. Hakusema kitu kingine. Angesema ingekuwa afadhali.

Nikampigia jamaa. Aliniambia yuko mkutanoni. Nikampigia tena, yuko mkutanoni. Tarehe 7 Julai, saa kumi alfajiri, zuio la kutoka na kuingia Mombasa lilipokwisha, simu yake ikazimwa. Wiki zile zote alikuwa amefungiwa humu Mombasa na sisi hana pa kukimbilia, na tulikuwa tukimpungia mkono! Zile meseji za M-Pesa nilizipeleka kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, kuomba zirudishwe, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa zamani.

Ile stika sasa. Namba ya kibali iliyo chini ya alama unaituma kwa 20023, unaandika SM#, halafu namba, bila nafasi. Majibu ya stika yangu yalikuja: kibali ni cha maji ya kunywa ya chupa. Kwa hivyo ukiuziwa kitu chenye alama tuma kwanza, ni dakika moja. Nilikuwa siijui namba hiyo, na nimeuliza stejini, hakuna aliyekuwa akiijua, kwa hivyo tusijifanye.

Mengine ya kuangalia: analipwa kwa namba yake binafsi, risiti hana, ofisi "inahamishwa". Barua yake haachi nakala, anaikunja anairudisha begini. Na hili ni zito kuliko nailoni: alipiga picha kitambulisho changu na logibuku (vitabu vya usajili wa tuktuk) zote mbili, eti za kusajili kizuizi. Aliyepigwa picha kama mimi aangalie asije akadaiwa mkopo wa simu asioujua. Na tochi, nimeshasema.

Lakini haya yote ni madogo, mtu huyu anatakiwa afungwe. Alikuja watu wakiwa wanazikwa usiku usiku, akachukua hofu yetu ya kuwaambukiza watoto akaiuza kwa mita. Faini haimtoshi, atailipa kwa pesa zetu. Mimi ningekuwa hakimu ningemfungia mle nyuma ya tuktuk yangu, baina ya nailoni zake mbili, saa saba mchana, Mwembe Tayari hadi Kisauni, kwenda na kurudi mpaka aseme pesa ziko wapi. Na yule kijana wa drili naye apande. Anasema alikodiwa tu kutoboa. Atoboe basi na madirisha ya jela.

Jumatatu naenda kituo cha polisi kuandikisha. Mliotuma pesa msizifute zile meseji, hata kama nyumbani hawajui. Nikienda peke yangu nitaambiwa ni biashara iliyoharibika baina ya watu wawili. Tukutane dukani kwa mke wangu saa mbili asubuhi, kila mtu na simu yake, stika yake, na kipande cha nailoni. Muuza madafu amekubali kuja kuwa shahidi, ila anataka nauli.